Anayependwa Kuliko Wote Rungwe

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Ukungu tangu alfajiri. Mlima hauonekani. Wanafunzi nao hawaonekani.

Wamebaki wawili. Nusrat, mama wa vitenge, anayetaka Kiingereza cha kubishana bei na Wamalawi pale mpakani Kasumulu. Na Meshaki, fundi baiskeli, ambaye hadi leo sijui anataka nini. Wengine wote wamevuka barabara kwenda kwa Lazaro. Lazaro! Kijana aliyesoma Karonga kwa Wamalawi, anayetembea na mwavuli hata jua likiwaka, anayesema "actually" kabla ya kila jambo, hata kabla ya kuomba chumvi.

Mimi nilikuwa ofisi ya elimu ya watu wazima hadi mwezi wa tatu. Kisha nikapunguzwa. Litazame neno hilo. Nimepunguzwa. Na nani? Hakuna aliyesema. Imeamuliwa, imeonekana, inaelekezwa. Nchi nzima sasa inaendeshwa na vitenzi visivyo na mwenyewe. Viwanda vinauzwa, ushirika unafilisiwa, watumishi wanapunguzwa, na ukiuliza ni nani aliyefanya unaambiwa ni soko huria. Nimelitafuta hilo soko huria nilishike shati. Halina shati.

Habari moja njema. Wazazi wa Masukulu wanafungua sekondari yao wenyewe. Wanatafuta mwalimu wa Kiingereza. Usaili Jumamosi. Kazi ya kudumu, nyumba ya bati, heshima.

Nilimwambia mke wangu. Tulinagwe akasema vizuri, nijaribu, ila nisipoipata tunahamia kijijini Masoko kwa baba yake nikalime migomba. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anachambua maharage. Hilo ndilo lililonitisha.

Kwa baba yake! Mzee ambaye tangu siku ya harusi hajawahi kunitaja jina. Ananiita "yule wa vitabu".

Jumanne, 2 Agosti

Ugunduzi! Nimeupata bafuni.

Karatasi ya sabuni imeandikwa kwamba hii ni "the most trusted soap". Yaani sabuni inayoaminiwa kuliko zote. Nimesimama na povu masikioni nikiitazama. Inaaminiwa na nani? Haisemi! Wala hakuna anayeuliza. Watu wananunua.

Hapa ndipo Mwingereza alipotuweza. Ukisimama sokoni useme "mimi ni bora kuliko wote", utazomewa hadi stendi. Lakini useme "anayeheshimiwa kuliko wote", ukamficha mwenye kuheshimu, watu wanakupisha kiti. Kitenzi cha kutendwa, kikitanguliwa na sifa ya juu kabisa. Nusu ya dunia ilitawaliwa kwa sarufi hiyo, na sisi tulidhani ni bunduki.

Nikaifundisha jioni. Nikawaeleza kwamba "most" hukaa mbele: most trusted, most respected, most loved. Lakini kwa mtu anayejulikana kuliko wote ni "best known". Nusrat akauliza kwa nini huyu apewe "best" na wenzake "most". Nikasema ndivyo Mwingereza anavyotaka. Akasema basi huyo Mwingereza anapanga bei kama Wamalawi, kila mteja na yake.

Meshaki akatunga sentensi: mke wake ni "the most married woman in Tukuyu". Nikamuuliza ana maana gani. Akasema ameolewa vizuri, hakuna anayemzidi. Nikamweleza kwamba maana yake ni mwanamke aliyeolewa na wengi kuliko wote mjini. Nusrat alicheka hadi akashika ukuta. Meshaki akasogeza benchi karibu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyeniambia.

Lakini mpango ninao. Kibao! Juu ya mlango wangu, kabla ya siku ya soko. Wajumbe wa Masukulu wote hushuka sokoni Alhamisi. Watakisoma. Hadi Jumamosi kitakuwa si kibao tena, kitakuwa ukweli unaofahamika.

Jumatano, 3 Agosti

Nimekwenda kwa Muddy, mchora vibao karibu na soko. Yeye ndiye aliyechora vinyozi wote wa Tukuyu na matako ya malori yote.

"Respected" ni neno refu, na Muddy hutoza kwa herufi. Nikachagua "loved". The most loved English teacher in Rungwe. Mwalimu wa Kiingereza anayependwa kuliko wote Rungwe. Fupi, tamu, na huwezi kulipinga bila kuonekana una roho mbaya.

Muddy akaomba nimwandikie kwenye karatasi. Nikakataa. Fundi wa maandishi anayetaka kuandikiwa ni kama mpishi anayetaka kulishwa. Nikamtamkia, polepole, kwa sauti ya redio. Hapa niseme jambo. Wenzangu wengi wa huku wakisema Kiingereza utadhani wana ndizi ya moto mdomoni. R kwao ni L, V kwao ni B. Nimepambana na ugonjwa huo maisha yangu yote, kwa watu wengine. Mimi sina.

Muddy alinisikiliza amefumba macho. Akayarudia maneno kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akanitazama kwa upole ambao sikuuzoea. Akasema, "Pole sana, mwalimu. Kumbe ndiyo hali."

Nikasema ahsante. Pole ya kazi, bila shaka. Kijana ana adabu. Akasema rangi nyekundu ataniwekea bila malipo.

Alhamisi, 4 Agosti

Kibao kimepanda! Muddy alikitundika asubuhi nikiwa nanyoa ndevu. Nikasimama chini yake. Nyekundu juu ya nyeupe. Sikukisoma. Mtunzi hasomi kazi yake kama mteja.

Na sasa matokeo. Kimefanya kazi kuliko nilivyoota!

Watu wa sokoni walikuwa wanasimama, wanakodoa macho, wanavuka kumuuliza Lazaro kilichoandikwa. Lazaro anawatafsiria. (Amelazimika! Nilimwona kwa macho yangu akinitangaza!) Kisha wanarudi upande wangu na nyuso nzito. Wananipa mkono. Mikono miwili. "Pole, mwalimu." "Pole sana, tata." Wananiita baba! Mama mmoja nisiyemjua amenipa ndizi chane mbili. Mwingine maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akasema kibuyu nitarudisha nikipata nafuu.

Mzee Andongwisye mwenyewe alipita. Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya Masukulu, mzee wa kanisa, mkulima wa chai na kahawa, asiyecheka ovyo. Alisimama mbele ya kibao. Akavua kofia.

Hivi ndivyo kupendwa kulivyo. Sikujua. Nilidhani kuna vigelegele. Kumbe watu wanampenda mtu kwa huzuni.

Tulinagwe aliuliza kwa nini wanatupa pole. Nikamwambia hawezi kuelewa, ni sarufi. Akachemsha ndizi.

Ijumaa, 5 Agosti

Wanaendelea kuja. Nusrat yuko mpakani, hivyo darasani nilikuwa na Meshaki peke yake. Meshaki amesoma kibao, herufi kwa herufi, akitembeza kidole hewani. Kisha akatoka bila kuaga. Akarudi na kufuli. Kufuli jipya, kubwa, la shaba! Akalitia mkononi mwangu akasema, "Ni hiki tu nilichoweza, mwalimu."

Sikuelewa. Lakini mapenzi yana namna nyingi.

Jioni alikuja askari mgambo. Akavua viatu mlangoni, akaketi, akauliza kama kuna mtu ninayemshuku. Nikavutiwa na swali hilo. Kumbe hata serikali inafahamu kwamba mtu anayependwa lazima awe na mwenye wivu. Nikasema ndiyo, namshuku Lazaro, nimemshuku siku nyingi, na ningefurahi mtu akimfuatilia. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu aje kutoka Karonga. Akatikisa kichwa akaondoka mbio.

Utawala bora.

Jumamosi, 6 Agosti

Niandike tu. Niandike nimalize.

Nilifika Masukulu mapema na koti la shemeji. Darasa halina madirisha bado, matundu tu ukutani. Kamati mbele: Mzee Andongwisye, wazee wawili wanaosinzia, na katibu, Jenifer, muuguzi wa zahanati, mwanamke anayekutazama kama anayetafuta mshipa. Lazaro alifika akihema, mwavuli umepinda, akasema samahani, amecheleweshwa na mgambo tangu alfajiri kwa maswali ya ajabu. Nikatabasamu. Akahojiwa, akatoka.

Nikaingia. Nikangoja niulizwe nyakati za vitenzi.

Mzee Andongwisye akasema kwa sauti ya msibani kwamba Kiingereza kitangoja. Kwanza niwaambie. Nimeibiwa nini?

Nikasema sijaibiwa kitu.

Wakatazamana. Jenifer akasema kibao nimekitundika mwenyewe, na Tukuyu nzima imekisoma. Akakitaja kwa Kiingereza kilichonyooka. "The most robbed English teacher in Rungwe." Mwalimu wa Kiingereza aliyeibiwa kuliko wote Rungwe.

Robbed!

Yote yakanijia pamoja. Pole. Kibuyu. Kufuli. Mgambo. Kofia ya mzee. Siku mbili nilikuwa nakula ndizi za msiba wangu mwenyewe.

Ningeanguka. Lakini mimi si mtu wa kuanguka nikiwa na hadhira. Nikashika meza. Nikasema ndiyo! Nimeibiwa! Nimeibiwa kazi niliyoifanya ujana wangu wote. Na ninyi je? Kahawa yenu imeibiwa bei. Ushirika wenu umeibiwa hadi mizani. Shule zenu zimeibiwa walimu, na zahanati ya dada huyu imeibiwa dawa. Na kila tukiuliza tunajibiwa kwa kitenzi cha kutendwa! Kimeuzwa! Kimefungwa! Kimepunguzwa! Nikasema mtoto wa Masukulu nitamfundisha Kiingereza ili akikutana na sentensi ya namna hiyo asipite. Aisimamishe njiani, aipekue mifuko, aiulize: na nani?

Mmoja wa wale wazee wanaosinzia alikuwa anafuta macho. Jenifer aliweka kalamu chini. Mzee Andongwisye akapiga meza kwa kiganja, akasema huyu. Huyu ndiye. Huyu ndiye atakayewasomesha watoto wetu, na kama kuna mwenye neno aseme.

Kazi ilikuwa mkononi mwangu. Nilisikia harufu ya bati jipya.

Lazaro alikuwa ameegemea tundu la dirisha, kwa nje. Akasema, "Actually, wazee, yule hakukusudia hayo. Mtu hawi 'most robbed' namna hiyo. Kiingereza kibovu tu. Amekosea."

Mzee akamwambia kijana nyamaza, hujaulizwa.

Alimwambia anyamaze! Yalikuwa yamekwisha! Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kama gogo!

Kiingereza kibovu. Mimi.

Nikainuka. Nikasema mimi sijakosea neno tangu nizaliwe. Nikasema kibao hicho ni ujinga wa mchoraji, mimi nilitamka "loved", wazi kabisa. Anayependwa kuliko wote. Nikaeleza kanuni yote, na "best known" juu yake. Nikaeleza na sabuni.

Jenifer akaniuliza swali moja. Napendwa na nani?

Mvua ilianza kwenye mabati. Nilitafuta jina. Nikatafuta tena.

Nikasema, "Meshaki alinipa kufuli."

Mzee Andongwisye akavaa kofia. Kazi amepewa Lazaro, leo hii.

Jumapili, 7 Agosti

Nimelala na koti la shemeji.

Mchana nikamwendea Muddy. Nikamuuliza amepata wapi "robbed". Akasema kwenye video za ukumbi wa stendi, kila filamu ina ma-robber. Nikasema mimi sikutaja mwizi yeyote. Akasema mwalimu, nisikilize. "Wewe ukisema Lungwe, mimi naandika Rungwe. Ukisema jina lako ni Ezlon, naandika Ezron. L zako zote huwa nazinyoosha. Sasa ulipokuja na lile neno nikalinyoosha hivyohivyo."

Nikamwambia hapana, neno hilo nilitamka kama linavyotakiwa. Nilisema "lobd"! Lobd! Mbele ya mashahidi!

Akasema ndiyo, hilohilo.

Watu kwenye kibanda cha kinyozi jirani walikuwa wanacheka. Sikuona cha kuchekesha. Nimeondoka.

Tulinagwe ameshusha kibao na kuzibia nacho tundu kwenye banda la kuku. Ametuma salamu Masoko. Hajanilaumu. Ameniuliza tu kama migomba nayo huwa naisomea.

Jumanne, 9 Agosti

Sijui niandike vipi. Muujiza!

Lazaro amehamia Masukulu na mwavuli wake. Asubuhi nikasikia sauti mlangoni. Wanafunzi wake! Wote! Wamevuka barabara, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuvukia. Benchi hazikutosha, tumeazima kanisani. Nusrat amerudi kutoka mpakani, amekaa mbele, ametangaza kwamba yeye ni mwenyeji na wageni wamwamkie.

Tulinagwe alisimama mlangoni akiwahesabu kwa macho. Akacheka. Sijui lini nilisikia kicheko hicho mara ya mwisho. Akasema Masoko basi, hatuendi. Akanishika bega akasema, "Baba Lusungu, umepata ulichokuwa unakitaka. Sasa tulia."

Nimetulia.

Baadaye

Kiingereza kibovu! Aliyasema hayo mbele ya wazee! Na sasa amekaa kwenye nyumba yangu ya bati!

Jumatano, 10 Agosti

Darasani niliwapa zoezi wafanye wenyewe, nikapanda kwenda Masukulu. Nilimwambia Tulinagwe naenda kuazima chaki. Aliangalia benchi, akaniangalia mimi.

Wazazi walikuwa wamekuja kubeba mawe ya msingi. Nikapanda juu ya rundo. Nikawatangazia kwamba mwalimu wao mpya alihojiwa na mgambo Jumamosi alfajiri kuhusu wizi. Kila neno kweli! Alihojiwa. Sikusema kwa ajili ya nani, wala aliyemtaja ni nani. Mwingereza hamtaji.

Mzee Andongwisye alitua jiwe lake akanitazama muda mrefu sana. Lazaro alitoka darasani na chaki mkononi. Hakusema "actually". Akasema hawezi kufundisha watoto wa watu huku anatangazwa mwizi juu ya mawe. Akafunga mwavuli, akachukua sanduku, akashuka.

Nikamwuliza mzee kama sasa nafasi iko wazi. Akasema kamati itaagiza mtu kutoka Mbeya. Kisha akaniomba nishuke, wanayahitaji hayo mawe.

Nilishuka nikiimba. Mvua yote ile, na nilikuwa naimba.

Alhamisi, 11 Agosti

Lazaro amerudi ng'ambo ya barabara.

Wanafunzi wamevuka. Walivuka kwa adabu, wakinisalimia mmoja mmoja, wakibeba benchi za kanisa. Meshaki pia. Amekuja kuniaga, ameona haya, ameniachia lile kufuli lake.

Nusrat ndiye wa mwisho. Akasema mwalimu, mimi nimefanya biashara tangu msichana, nimeona watu wakipata hasara za kila namna, ila mtu anayepanda kwa miguu hadi Masukulu kwenda kuileta hasara nyumbani, ndiye wewe wa kwanza. Akajitanda kitenge, akavuka.

Tulinagwe anafunga vyombo. Aliniuliza nimepata nini. Nikamwambia Lazaro amekosa kazi. Akauliza, na wewe? Nikasema haelewi, ni jambo la msimamo. Akaendelea kufunga sufuria kwa kamba, akizivuta kwa nguvu kuliko sufuria zinavyohitaji.

Jumapili, 14 Agosti. Masoko

Matope. Ziwa liko chini huko, kimya, halina habari na mtu. Baba mkwe amenionyesha mistari yangu ya migomba kwa ncha ya fimbo, bila kunitazama usoni. Mkono wangu una malengelenge hadi kalamu inauma. Tulinagwe analala na mama yake. Amesema ni kwa sababu ya baridi.

Jioni tuliota moto jikoni. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Kweli kabisa, nilikuwa nimeamua. Nitalima, nitakula, nitanyamaza hadi watu wasahau.

Baba mkwe akasema kama nataka kujifunza niende kwa jirani, Ackson. Akasema Ackson ndiye anayehesabiwa kuwa mkulima bora wa migomba Masoko nzima.

Anayehesabiwa! Na nani?

Mzee aliponda tumbaku yake akaenda kulala. Mimi nimebaki na kibatari. Mgomba sijawahi kuupanda hata mmoja. Lakini huyo Ackson nimeshaanza kumfahamu, na asubuhi, kabla ya jembe, nitapita kwake kuyakagua mashina yake.